Herufi Thelathini na Mbili na Nyongeza Yake

Mama mdogo alinipigia simu saa tatu asubuhi, chai yangu ikiwa bado moto, akaniambia mashine ya baridi imesahau kazi yake. Hakusema imeharibika.

"Imewaka, taa iko, lakini imekaa tu," alisema. "Inaonyesha vistari vinne kwa kioo. Nyathina, mwanangu, hii kitu haijui iko hapa kufanya nini."

Nimefanya kazi na mafundi wengi na sijamsikia hata mmoja akieleza tatizo kwa usahihi ule. Stima ilikuwa imepotea alfajiri kote Asembo Bay, huko ufuoni mwa ziwa, ikarudi kwa kishindo, na kishindo hicho kikafuta kumbukumbu ya kisanduku kinachoongoza chumba cha baridi cha kikundi chao cha kina mama wauza samaki. Mashine yenyewe ilikuwa nzima. Nguvu ilikuwa nayo, gesi ilikuwa nayo, feni ilikuwa nazo, ila haikujua tena kama inatakiwa kupoza, kupasha au kwenda nyumbani.

Mama mdogo ni mdogo wake marehemu mama yangu. Ndiye aliyenilea, na ndiye mwenyekiti wa kikundi. Kwa miaka thelathini alikausha samaki kwa moshi, akiwa ameinama juu ya jiko la udongo, mpaka kifua chake kikawa kinapiga filimbi akipanda hata kilima kidogo. Daktari alimwambia aachane na moshi. Yeye akaamua kwamba kama anaacha, basi wote waache. Alichukua miaka miwili kuwashawishi wenzake saba wakubali chumba cha baridi, na walibisha kweli kweli. Walimwambia samaki wa moshi wanamjua, lakini huyu wa baridi anakaa kama mgonjwa. Mwishowe walikubali, kwa sharti kwamba mashine ikiwaangusha hata mara moja, wanawasha majiko yao na hawataki kusikia habari hiyo tena.

Asubuhi ile samaki wa wanawake wote wanane walikuwa ndani, mbuta wakubwa na ngege, wakimngoja mnunuzi ambaye gari lake lingefika saa kumi alasiri. Mlango ukiwa umefungwa chumba kingehifadhi ubaridi wake mpaka saa tisa hivi. Baada ya hapo samaki wangeanza kulegea, mnunuzi angegeuza gari, na mama mdogo angerudi kwenye moshi na kile kifua chake. Hilo nililijua mimi, alilijua yeye, na wale saba walilijua vizuri sana.

Mimi naandika programu za kompyuta. Nakaa Kisumu mjini, kwenye chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na hapo ndipo nalala, napika na kufanyia kazi. Mama mdogo hajawahi kuielewa kazi hii. Kwake yeye kazi ni kitu ambacho ukikimaliza unanuka. Kila nikienda nyumbani alikuwa akinishika mikono, anaigeuza, anaona ilivyo laini, kisha ananiuliza kwa huruma kama nimekula. Majirani aliwaambia niko Kisumu natafuta kazi. Mwaka wa sita wa kuitafuta niliacha kumsahihisha, lakini iliniuma, na nitakuwa mwongo nikisema haikuniuma.

Sasa dawa ya ile mashine ilikuwepo. Kampuni iliyowauzia ilishafunga milango, ila fundi wake, siku alipokuja kuifunga, alikuwa amebandika karatasi ndani ya mlango wa sanduku la swichi. Karatasi ile ilikuwa na kila kitu ambacho mashine inatakiwa kujua: ubaridi kiasi gani, feni zizunguke lini, barafu iyeyushwe baada ya muda gani. Isipokuwa haikuandikwa kwa lugha ya watu. Iliandikwa kwa heksadesimali, hesabu ya kumi na sita, ambayo inatumia tarakimu sifuri hadi tisa halafu, zikiisha, inaazima herufi a hadi f. Nitaziita zote herufi ili tusichoshane. Kulikuwa na mistari minane, na kila mstari ulikuwa na herufi thelathini na mbili.

Mimi mwenyewe nilikuwepo siku hiyo. Nilisimama mbele ya karatasi ile, fundi akanionyesha jinsi ya kuituma kwa mashine kutoka popote, kwa sababu kile kisanduku kina laini yake ya simu. Akanipa na neno la siri. Kuipiga picha kungenichukua sekunde mbili. Sikupiga. Nilikuwa na simu mkononi na nilikuwa nampiga picha bata mmoja aliyekuwa amelala juu ya mtumbwi.

Na simu ya maana huko kwao ilikuwa moja tu, ya katibu wa kikundi, nayo tangu iangukie kwenye karai la omena, wale dagaa wa ziwani, kamera yake ilikuwa ikionyesha ukungu mtupu. Wengine wote walikuwa na kabambe, zile simu ndogo za vibonye zisizo na kamera. Tulijaribu kusomeana kwa sauti, lakini ukimsikiliza mtu akisema b, d, e, c kwenye mtandao wa Asembo Bay, upepo ukiwa unavuma, utaandika chochote unachotaka kusikia. Tukakubaliana waniandikie ujumbe mfupi.

Hapo ndipo nilipofanya kosa la kueleza. Nilimwambia mama mdogo kwamba mashine haisomi herufi, inakula kitu kinachoitwa baiti, na kila herufi mbili zinafanya baiti moja. Programu yangu itachukua yale maandishi, izikate herufi mbili mbili, na kila jozi iigeuze kuwa baiti. Nikamwambia ni kama ndala. Hakuna anayeuza ndala moja, na ukikosea ukampa mtu ya kushoto ya mwenzake, basi foleni nzima inavaa vibaya mpaka mwisho.

"Kwa hivyo ni thelathini na mbili," alisema.

"Kwa kila mstari. Sio thelathini na moja, sio thelathini na tatu. Ikizidi hata moja, haisomeki."

"Nimesikia," alisema, na akakata.

Nilidhani ataandika yeye mwenyewe, mstari mmoja baada ya mwingine. Lakini kikundi hakifanyi mambo hivyo. Katika kikundi kila kitu kinachangwa, iwe ni mgonjwa, iwe ni matanga, iwe ni bati la kanisa. Mistari ilikuwa minane, wanawake walikuwa wanane, basi kila mmoja akapewa wake. Yaani waligawana ile karatasi. Na katika kugawana kulitokea mzozo uliokula nusu saa, ambao niliusikia wote kwa sababu mama mdogo alinipigia ili niuamue.

"Hapa kuna mama hataki mstari yake," alisema.

"Kwa nini hataki?"

Sauti nyingine ikaingia, ya ukali. "Kwa nini mimi napewa sifuri? Hii yangu karibu yote ni sifuri! Mwangalie ya huyu, iko na tisa, iko na nane, iko na e. Mimi nimekosea nani?"

Nilimweleza kwamba sifuri ni muhimu sawa na tisa, kwamba mashine haina upendeleo. Hakuridhika. Mwishowe katibu akakubali kuchukua ule mstari wa sifuri, lakini kwa sharti kwamba siku ya usafi yeye hafagii. Mama mdogo, kama mwenyekiti, alichukua mstari wa kwanza. Sikujua wakati huo, lakini ule ndio uliobeba ubaridi wenyewe.

Ujumbe ulianza kuingia saa tano kasorobo. Kuandika herufi na tarakimu zilizochanganyika kwenye kabambe, kwa vidole vilivyozoea kupara samaki, si mchezo, na ninawavulia kofia. Mmoja alianza mstari wake na "Bwana asifiwe", jambo ambalo kwa mtu ni salamu, lakini kwa programu inayotupa kila herufi isiyo ya hesabu ya kumi na sita na kubakiza zinazofaa, salamu hiyo inabaki b, a, a, a, f, e, yaani baiti tatu halali kabisa. Bahati nzuri niliiona kwa macho, nikaitoa kwa mkono, nikaomba radhi kimoyomoyo.

Ujumbe wa nane ulipofika nilipiga simu. "Kila mtu ametuma thelathini na mbili?"

Mama mdogo akaniweka kwenye spika, nikasikia wakijibu mmoja mmoja, kama wanafunzi wakiitwa majina. Thelathini na mbili. Thelathini na mbili. Thelathini na mbili kabisa. Waliapa.

Nikaunganisha mistari yote minane ikawa uzi mmoja, nikaipa programu. Programu ikagoma. Iliniambia kwamba herufi ni mia mbili sitini na tano, na mia mbili sitini na tano haigawanyiki kwa mbili. Kulikuwa na ndala moja imebaki bila mwenzake.

Mtu mwenye akili angesimama hapo ahesabu mstari kwa mstari. Mimi nilitazama saa, ilikuwa inaelekea saa saba, nikafanya kile ambacho watu wa kazi yetu hufanya uzi ukija na idadi isiyogawanyika: niliweka sifuri moja mbele. Tunaifanya kila siku. Tunaiita kujaza. Tukiifanya tunajiona wajanja, na mara nyingi inakubalika, na mara hii programu ilikubali bila kunung'unika, ikanitolea safu ya baiti mia moja thelathini na tatu. Mashine ilihitaji mia moja ishirini na nane. Nikajiambia zile za ziada itazitupa yenyewe. Nikatuma.

Dakika tano baadaye simu ikalia.

"Imekumbuka!" mama mdogo alipaza sauti, na nyuma yake nikasikia vigelegele. "Imeanza kunguruma! Imeandika namba!"

"Namba gani?"

"Sitini na tatu."

"Hasi sitini na tatu?"

"Hapana. Sitini na tatu tu. Nyathina, hii upepo inatoka ndani ni ya moto."

Niliitazama ile safu ya baiti, na nikaelewa nilichokifanya. Mstari wa kwanza ulianza na 03 FC. Jozi ya FC kwa lugha ya mashine ni hasi nne, nyuzi nne chini ya sifuri, ubaridi ambao samaki wanaupenda. Ila mimi nilikuwa nimesukumiza sifuri mbele ya zote. Kila herufi ikasogea hatua moja, tatu ikaachana na sifuri yake ikaenda kushikana na f, na hiyo 3F iliyozaliwa hapo ni sitini na tatu. Mashine haikubisha. Iliambiwa ipeleke chumba cha samaki kwenye nyuzi sitini na tatu, ikawasha hita yake ya kuyeyusha barafu, ikajitupa kazini kwa moyo wote. Nilikuwa nawapikia wanawake wanane samaki wao wote kwa pamoja nikiwa Kisumu.

"Zima swichi kubwa!" nilipiga kelele. "Zima! Ufunge mlango!"

Walizima. Kisha, juu ya sauti ya mawimbi, mmoja wao akasema taratibu, bila hasira hata kidogo, kwamba kuni zake bado ziko kavu.

Kelele zangu zilimfikia mwenye nyumba, ambaye ndiye mwenye duka la chini. Ni mzee Mwislamu wa hapa mjini, babu yake alitoka pwani na nyanya yake alitoka Seme, na katika Kisumu nzima hakuna mtu anayependa omena kuliko yeye. Alipanda ngazi akiwa na tepu ya kupimia mkononi.

"Mwanangu, unagombana na nani?"

Nilimweleza. Nilikuwa nimekata tamaa kiasi kwamba nilimweleza yote, jozi, sifuri, sitini na tatu. Alisikiliza amesimama mlangoni. Nilipofika mahali wanawake wote wameapa kwamba wametuma thelathini na mbili, aliinua mkono.

"Hawa ni wanawake wauza samaki?"

"Ndiyo."

"Na wewe umewaomba thelathini na mbili kamili."

"Ndiyo, Mzee."

"Mimi nimenunua omena Usenge, nimenunua Asembo, nimenunua hapa Kibuye," alisema. "Miaka yote hiyo sijapewa mkebe wa gorogoro kamili ukaishia hapo. Napewa gorogoro, halafu mkono mmoja juu yake. Ukiondoka bila ule mkono, huyo mama mmekosana."

Alirudi zake dukani, na mimi nikakaa chini nikaanza kufanya kile nilichopaswa kufanya saa saba. Nilihesabu. Mstari wa pili ulikuwa na herufi thelathini na tatu. Wa tatu, thelathini na tatu. Wa nne, wa tano, wa saba na wa nane hivyo hivyo. Na kila mstari uliozidi, herufi ya mwisho ilikuwa imerudiwa. Kama uliisha na nane, kulikuwa na nane nyingine. Mstari wa sita ulikuwa na thelathini na tano, umeishia na d nne zimefuatana.

Nikapiga simu. Niliomba spika.

"Nani ameweka herufi ambayo haiko kwa karatasi?"

"Hakuna," walisema.

"Mstari wa pili una thelathini na tatu!"

"Ni thelathini na mbili," ilisema sauti ya yule aliyekataa sifuri. "Na nyongeza."

"Basi ni thelathini na tatu!"

"Wewe, tangu lini mtu anahesabu nyongeza?"

Ni kweli. Nimekulia kwenye ufuo ule. Nimekaa chini ya meza za samaki nikiwa na miaka mitatu. Mteja hulipia samaki, na akishalipa husema "Medna", niongezee, na mama huokota kisamaki kingine akakirusha juu, na hicho hakimo katika bei, hakimo katika hesabu, hakimo popote ila katika urafiki. Kumpa mtu idadi kamili, ukamwachia hapo, ni kumwambia kwamba hutaki kumwona tena. Nilikuwa nimewauliza kama wametuma thelathini na mbili, na wao walikuwa wamenijibu ukweli mtupu.

"Na wa mstari wa sita?" niliuliza. "Huyu ameweka tatu."

"Ni mimi," ilisema sauti ya mama mzee. "Wewe ulikula kwangu ukiwa na meno mawili. Nikuwekee moja kama mtu wa barabara?"

Ningefanya nini? Nilimshukuru. Nilimwambia ero kamano, mama, na nilikuwa namaanisha, huku nikiandika sentensi moja ya programu iliyosema: katika kila mstari chukua herufi thelathini na mbili za mwanzo, nyingine tupa. Neno tupa sikulitaja. Na ile sifuri yangu ya mbele nikaifuta, maana mimi pia nilikuwa nimetia nyongeza yangu, tena mahali pabaya kuliko zote.

Ilikuwa saa nane na robo. Nilikuwa nakaribia kutuma nilipoona kitu kilichonisimamisha. Sikuwa nimehesabu mstari wa kwanza, wa mama mdogo. Nikauhesabu. Ulikuwa na herufi thelathini na mbili.

Kwa mtu mwingine hiyo ingekuwa habari njema. Lakini kama kila mwanamke pale ameweka nyongeza, basi thelathini na mbili za mama mdogo zilikuwa thelathini na moja na nyongeza moja. Yaani mahali fulani katikati ameruka herufi. Nikatazama mwisho wa mstari: uliishia na 55. Labda karatasi ilikuwa hivyo. Labda iliishia na tano moja, na ya pili akanirushia juu kama wenzake. Kutoka pale nilipokaa hakukuwa na njia ya kujua, na mstari wenyewe ndio uliokuwa na hasi nne ndani yake. Ningeutuma ukiwa umeruka herufi, sijui mashine ingesoma nini safari hii. Na kumwambia auandike upya ilikuwa ni saa nzima, kwa macho yake yale na kabambe yake ile, na saa nzima hatukuwa nayo.

"Mama," nilisema, "wewe uliweka nyongeza?"

Spika ilikuwa bado wazi. Nilisikia wote saba wakisogea karibu ili wasikie.

"Niliweka," alisema haraka.

"Una uhakika? Kwa sababu kama uliweka, mstari wako umepungukiwa. Itabidi uandike upya wote."

"Nimesema niliweka. Mimi ni mtu gani nisiweke?"

Simu ikakatika. Nilikaa nikiitazama ile saa ya kompyuta. Nilikasirika, nakiri. Nilisema kwa sauti, peke yangu chumbani, kwamba nimesoma miaka minne nije nishindwe na tano moja. Nilipiga simu, ikawa inatumika. Nikapiga tena. Kisha ikaingia yenyewe, na safari hii spika ilikuwa imezimwa, upepo ulikuwa mkali, na nilisikia kifua chake kikipiga filimbi. Alikuwa ametembea haraka kuelekea mbali na wenzake, mpaka kule mitumbwi inakolazwa.

"Sikuweka," alisema kwa kunong'ona.

"Mama?"

"Sikuweka nyongeza. Hiyo ni thelathini na mbili kavu. Tano ni mbili hata kwa karatasi." Akapumzika kidogo kutafuta pumzi. "Wewe ulisema ikizidi hata moja haisomeki. Nikasema huyu ndiye anajua, hii ni kazi yake. Nikahesabu na kidole mara nne. Kidole yangu ilikuwa inataka kubonyeza tena, nikaikataza."

Niliutazama tena ule mstari wake, herufi kwa herufi, mpaka zile tano mbili za mwisho.

"Lakini usiseme mbele ya hawa," aliendelea. "Mwenyekiti amemnyima mtoto wake mwenyewe nyongeza? Wataniongelea mpaka mwaka mpya. Nilisikia aibu hata nikituma. Nikasema, wacha aibu iwe yangu, kazi yake iende mbele."

Nililia. Sioni haja ya kuficha. Nililia juu ya ile kibodi kama mtoto, miaka sita ya kutafuta kazi ikinitoka puani, na mama mdogo kule upande wa pili akaniuliza kama mashine imekufa kabisa.

"Haijafa," nilisema. "Rudi uwashe swichi."

Programu ilihesabu herufi mia mbili hamsini na sita, ikazikata jozi mia moja ishirini na nane, ikatoa safu ya baiti bila jozi hata moja iliyoachana. Nikatuma. Kisha nikangoja, na katika kungoja huko nilimwahidi Mungu mambo kadhaa, mengine nimeyatimiza. Simu ililia saa tisa kasoro dakika kumi, spika imefunguliwa, na wote walikuwa wakisoma kile kioo kwa pamoja kama ubao wa kanisani.

"Kistari," walisema. "Halafu nne."

Feni zilikuwa zimeanza. Katibu aliingiza mkono, akasema upepo unauma. Samaki walikuwa bado wagumu, isipokuwa wachache wa karibu na hita waliolegea kidogo, na wanawake waliwagawana hao wakawapeleka nyumbani kwa chakula cha jioni. Gari la mnunuzi lilifika saa kumi na nusu, dereva akilalamikia matrekta ya miwa yaliyomziba njia tangu Muhoroni, na hakuna aliyemwambia habari ya mashine.

Lakini kabla ya hapo, feni zikiwa bado zinanguruma, yule mama mzee wa mstari wa sita alisogelea simu.

"Unaona sasa," alisema. "Ni nyongeza imesaidia."

"Imesaidia sana, mama," nilisema.

"Nilijua. Na mwenyekiti, yeye alikuwekea ngapi?"

Nilimsikia mama mdogo akivuta pumzi, ile pumzi yake fupi yenye filimbi, na wengine wote wakingoja.

"Tano," nilisema. "Mpaka nikalazimika kuzipunguza."

Walipiga vigelegele vya kuziba masikio. Mmoja alisema hiyo sasa ndiyo mama. Nilimsikia mama mdogo akirudi nyuma akifunga mlango wa chumba cha baridi, akiusukuma kwa bega mpaka ukalia.